Mwonjaji Mwenye Kiungulia

Kabla sijaumwa nilikuwa na kazi moja tu ya kueleweka, nayo ilikuwa kula. Kila siku alasiri, mke wangu alipomaliza kukaanga mapanki ya kwanza kwenye meza yake kule chini barabarani, nilikuwa natoka nyumbani, nateremka ngazi za mawe, nakaa kwenye benchi mbele ya wateja, nachukua kipande cha kwanza na kukila mpaka kiishe. Wateja wananitazama. Nikishameza tonge la mwisho, wananunua. Mimi napanda zangu kurudi nyumbani.

Asiyeyajua mapanki nimweleze. Miaka ile soko huria lilipofunguliwa, viwanda vya samaki viliota pwani ya ziwa letu kama uyoga. Sangara akiingia kule ndani alikatwa minofu, minofu ikafungwa kwenye barafu ikaenda Ulaya, na sisi tulioishi na ziwa tangu kuzaliwa tukabakiziwa kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, pamoja na nyama iliyosahauliwa na kisu. Hayo ndiyo mapanki. Ukiyakaanga kwenye mafuta ya sangara mwenyewe mpaka mfupa uvunjike kama biskuti, yanaliwa, na yanaliwa vizuri. Sisemi uongo ili kujifariji.

Sasa kwa nini nile kwanza mimi? Kwa sababu huku kwetu anayekupa chakula huonja mbele yako. Akikuletea pombe anakunywa funda la kwanza yeye, ndipo anakukabidhi kikombe. Tunaita kutoa uchawi, ingawa huo uchawi sijamsikia mtu aliyeuona ukitoka. Na miaka ile kulikuwa na sababu nyingine: maneno yalizagaa mjini kwamba wapo wavuvi wanaovua kwa sumu. Muuza samaki yeyote alitazamwa mara mbili. Mke wangu si mtu wa kubishana na maneno. Aliniita mimi.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa karani wa duka la umma, duka likafungwa, tukapewa barua na mkono wa kwaheri. Tangu hapo nilikaa nyumbani nikitengeneza redio za watu, na sikuumia sana, maana mimi ni mtu wa nyumbani kwa asili. Misungwi nimefika mara mbili, zote msibani. Busisi nilikwenda nikakiona kivuko, nikaona kinatosha kuonwa, nikarudi. Meza ya mke wangu ndiyo iliyokuwa inatulisha, mimi na yeye na watoto, na ile safari ya ngazi sitini kwenda kula kipande kimoja ndiyo iliyokuwa inanifanya nijione na mimi ni mtu aliyeshika upande mmoja wa meza hiyo. Wateja waliniita Karani. "Karani kashuka," walikuwa wanasema, "leteni sahani."

Moto ulianza kifuani. Nakula, napanda, nafika mlangoni, na hapa katikati ya mbavu panawaka kama mtu amepitisha pasi. Siku za mwanzo nilisema ni ngazi. Baadaye maji machungu yakaanza kunipanda kooni nikiinama kuchukua bisibisi, asubuhi sauti inakwaruza, na kikohozi kisicho na mafua. Nilikuwa nimepata C ya baiolojia kidato cha nne, kwa hiyo nilijua moyo unakaa wapi, na elimu hiyo ndogo ndiyo iliyonimaliza. Nikajua ni moyo. Nikajua nakufa. Kwa siku mbili nilizunguka chumbani nikiandika vikaratasi na kuvibandika kwenye redio: hii ya fundi baiskeli, hii ya mwalimu, hii haitengenezeki. Nilitaka nikifa watu wasigombane.

Mke wangu alivisoma vile vikaratasi kimoja kimoja, akanitazama.

"Unahama?"

"Nina moto kifuani."

"Hicho ni kiungulia, baba watoto. Nilikuwa nacho mimba zote, hakuna aliyebandika vikaratasi."

Kama ni kiungulia tu, nikasema, basi nitakimaliza mwenyewe. Jirani akanipa magadi, yale yale wanayolainishia maharage: chembe chache kwenye kikombe cha maji, unafumba macho, unakunywa. Nilibeua mbeuo uliowaamsha kuku wa nyumba ya chini. Raha ikaja, ikakaa kama nusu saa, ikaondoka, na moto ukarudi umekasirika. Nikaongeza magadi. Nikajaribu maziwa, hadithi ikawa ile ile. Sikuweza kukaa. Nikikaa panawaka, nikilala yanapanda, kwa hiyo nilitembea, kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi, mpaka mwenye nyumba akauliza kama natafuta kitu kilichopotea.

Mwisho nikaenda sokoni kununua udongo wa kula, ule wanaoupenda wajawazito. Nilidhani nitanunua kimya kimya. Mama aliyeuza alinichagulia vipande akivipuliza vumbi, hana haraka.

"Una wa miezi mingapi?"

"Ni wangu mwenyewe, mama."

"Ndiyo nimeuliza. Wa miezi mingapi?"

Mwenzake wa meza ya nyanya akadakia: "Mwache mwenzio, si unaona anavyojishika kifua? Ana kiungulia. Huyo mtoto atatoka na nywele mpaka mabegani."

Wakacheka meza nzima, na mimi nikacheka, kwa sababu asiyecheka ndiye anayekumbukwa. Nilikula udongo wote kabla sijafika nyumbani. Haukusaidia kitu, isipokuwa nilijisikia nimejengwa.

Wakati ule zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa juu ya maduka. Katika moja alikuwapo tabibu mzee, mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi. Nilikwenda kwa sababu mke wangu alisema nikiendelea kutembea mbele yake wakati anafikicha macho ya usingizi, atanifunga kamba.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Nini kinasumbua?"

"Moyo."

"Nani kakwambia ni moyo?"

"Unawaka."

"Unawaka ukipanda mlima, au ukishashiba?"

Nikafikiri. Kwangu hayo mawili huenda pamoja: nikishashiba ndipo napanda. Nikamwambia hivyo.

"Jumapili je? Umeshiba, umekaa, hupandi popote."

"Unawaka."

"Ukiinama kufunga kiatu?"

"Unakuja mdomoni."

"Moyo hauji mdomoni, bwana. Kinachokuja mdomoni ni chakula chako cha mchana."

Akaniuliza mengine, haraka haraka kama mtu anayesoma orodha aliyoizoea. Nimewahi kutapika damu? Choo kimekuwa cheusi kama lami? Chakula kinakwama ninapomeza? Nimepungua, suruali imenilegea? Nikasema hapana, hapana, hapana, na suruali imenibana.

"Na hilo nalo ni jibu," akasema. "Legeza huo mkanda. Ungeniambia ndiyo hata kwa moja katika hayo, ningekupeleka hospitali kubwa leo hii. Basi sikiliza."

Akachukua mfuko wa karatasi uliokuwa na mkate wake, akaukunja mdomo. Tumbo, alisema, ni mfuko. Pale juu chakula kinapoingilia pana msuli unaofunga mfuko kikishapita. Wangu umelegea. Ndani ya tumbo kuna asidi kali, na tumbo limeumbwa kuivumilia. Koo halikuumbwa hivyo. Asidi ikipanda, koo linaungua, na moto ule ninaousikia si jina tu, ni kuungua kweli. Ukishiba sana msuli unasukumwa. Ukilala na tumbo limejaa, mfuko umelala na mdomo wazi. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu na kuulegeza zaidi. Pilipili, chai nzito, soda na bia kila kimoja kina mchango wake. Magadi yanapoza nusu saa halafu tumbo linalipiza, na chumvi ile ukiinywa kila siku itakutafutia ugonjwa wa pili.

"Na udongo?" nikauliza.

Alinitazama juu ya miwani. "Umekula udongo?"

"Kidogo."

Akaandika vidonge vyeupe vya kutafuna, halafu akanitajia masharti na mimi nikayaandika kwenye daftari kama niko darasani. Kula kidogo kidogo. Chakula cha jioni kiliwe mapema, jua likiwapo, na baada ya hapo nisilale mpaka saa tatu zipite. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, matofali mawili chini ya miguu yake, si mito, maana mito inakukunja tumbo. Na la mwisho: vya kukaanga, basi.

"Nitapona lini?"

"Hiki hakiponi kama malaria. Ni kama shemeji aliyekuja kutembea akakaa. Kumfukuza huwezi. Mfundishe taratibu za nyumba, mtaishi."

"Daktari, hivyo vya kukaanga," nikasema, "mimi ndiye mwonjaji." Nikamweleza meza ya mke wangu, benchi, kipande cha kwanza.

"Tafuta mwonjaji mwingine."

"Watamtaka mume. Mume ndiye anayeshuka."

"Basi chagua," akasema, na kumwita wa nyuma yangu.

Nilipanda mlima na daftari langu mkononi nikamsomea mke wangu masharti yote. Yote, isipokuwa la mwisho. Nilifika pale, nikafunga daftari. Nilijiambia namwonea huruma, nisimtie wasiwasi na meza yake. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kuwa mtu asiyeshuka tena. Ukimwondolea mtu wa nyumbani ngazi zake sitini anabaki na nini?

Kitanda tulikiinua jioni ile ile, na hapo nikaonyesha tena faida ya kidato cha nne. Chumba chetu, kama vyumba vingi vya vilima vile vya mawe, kilisakafiwa na mwenye nyumba mwenyewe bila kuuliza fundi. Niliweka matofali mawili upande wa kichwa, nikalala kwa matumaini. Wiki nzima moto uko pale pale. Nikamlaumu tabibu, nikayalaumu matofali. Halafu siku moja mchana betri ya redio ikanidondoka karibu na mlango, ikabingirika polepole, ikavuka chumba, ikaingia uvunguni na kusimama kwenye matofali yangu. Sakafu ilikuwa imelala kuelekea ziwani, na kichwa cha kitanda kilikuwa upande wa ziwa. Miaka yote tulikuwa tumelala vichwa chini miguu juu kama popo wavivu, na matofali yangu mawili yalikuwa yamefanikiwa kutufikisha usawa.

Nikaongeza matofali mawili mengine. Asubuhi mke wangu aliamkia miguuni kwangu, amejikunja kwenye ubao wa mwisho.

"Nimeolewa na mlima," akasema. Akakitazama kitanda, akaitazama sakafu. "Kwa nini usikigeuze tu?"

Tukakigeuza. Tukatoa matofali yote. Tangu siku ile nililala, si usingizi wote, lakini nililala. Kula mapema nako kulisaidia, na mkanda, na kuacha chai ya saa nne. Kulibaki kitu kimoja tu kinachonichoma, na saa yake niliijua: alasiri, baada ya kipande cha kwanza. Kile kimoja kilitosha kuharibu kazi ya kitanda kizima.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu mbaya. Nikaanza kushuka na kitambaa cha jasho. Nachukua kipande, natafuna mbele ya watu, nakisukuma shavuni, najifuta uso kwa kitambaa, na kinachokuja kitambaani si jasho. Kipande chote nilikimaliza hivyo, na wateja wakanunua. Nikapanda na kitambaa kimenona mfukoni, na kifua hakikuwaka. Siku ya pili vivyo hivyo. Mke wangu akasema, "Umekuwa mtu wa jasho siku hizi," na mimi nikasema ni jua.

Siku ya tatu sikuweza kungoja mpaka nyumbani, maana mafuta yalikuwa yanapenya suruali. Nilizunguka nyuma ya jabali lililo juu ya meza, nikafungua kitambaa, nikamwaga chini. Paka mmoja alikuwa ameota jua pale. Akasimama, akaja, akanusa. Sasa, paka wa Mwanza si paka wa kwenu. Amezaliwa kwenye samaki, ameshiba samaki, vichwa vinamwangukia bila kuomba. Samaki aliyekwisha kutafunwa na mtu ni matusi kwake. Alinusa mara moja, akatikisa mguu mmoja kama aliyekanyaga maji, akaondoka.

Nikageuka, na juu yangu kwenye ngazi amesimama mteja wetu wa kila siku, mbebaji wa magunia pale kiwandani, mwanamume mwenye sauti ya kuita meli.

"Karani," akasema. Kwa mara ya kwanza alisema taratibu. "Unatema?"

"Mfupa ulinikwama."

"Mfupa wote huo?" Akakitazama kirundo, akamtazama paka anayeondoka. "Na paka kakataa."

Akashuka, na mimi nikabaki nikisikiliza hatua zake, nikihesabu zitafika lini mezani. Zilifika. Sikusikia alichosema, nilisikia tu benchi likisogezwa.

Mume wa muuzaji anatema samaki wa mkewe, na paka kamkataa samaki yule yule. Ukiwa na maneno ya sumu tayari mjini, hayo mawili yanatosha. Kesho yake nilishuka, nikala kipande kizima, nikameza mpaka mfupa, nikamfumbulia kila mtu mdomo aone. Wakatazama kinywa kama wanavyotazama cha ng'ombe mnadani Magu, halafu wakasema wana haraka. Jioni mke wangu alipanda na beseni kichwani, limejaa. Nilimpokea, lilikuwa zito kiasi kwamba shingo yake ilibonyea. Tuliwagawia majirani, na majirani walishukuru mno, ile shukrani ya mtu atakayeyatupa ukigeuka. Siku iliyofuata beseni likarudi zito tena. Nami kifua kinawaka kwa kile kipande, nimekila bure.

"Nani kawaambia unatema?" akaniuliza. Alikuwa anaosha sufuria, hakugeuka.

Nikamwambia. Kitambaa, jabali, paka, na sharti la mwisho la tabibu, lile nililofunga daftari kabla ya kulisoma. Nilizungumza nikitembea, dirishani na mlangoni, mlangoni na dirishani.

"Kaa," akasema.

"Nikikaa panawaka."

"Acha pawake. Kaa."

Nikakaa kitandani. Akaendelea kuosha sufuria ile ile iliyokwisha kutakata.

"Mimi nikakaanga samaki, nikakupa wewe unionjee, na wewe ukaenda ukamwonjesha paka," akasema. "Ungeniambia tu. Ningekuambia usishuke."

"Ndiyo sababu sikukuambia."

Hapo akageuka akanitazama, muda, kama mtu anayekiona kitu nyumbani mwake ambacho hakujua kipo. Ninajua alikuwa na hasira kwa sababu usiku ule alilala bila kulalamikia mteremko.

Alasiri ya siku ya tatu alishuka na mapanki machache kuliko kawaida, na mimi nikamfuata bila kuitwa. Nilikuwa nimejiandaa. Niliamini watu wakielezwa vizuri wataelewa, na nani wa kuwaeleza kama si mtu wa daftari? Wateja walikuwapo sita saba, hawanunui, wamesimama tu kivulini wakinywa maji ya mchuuzi mwingine. Mbebaji alikuwapo pia. Nikasimama mbele ya meza nikawaambia naumwa. Nikawaeleza msuli uliolegea, mfuko na mdomo wake. Niliwaambia juu ya magadi, na udongo, na nywele za mtoto, na wakacheka. Nikawaambia tulivyolala vichwa chini miaka minne, wakacheka zaidi, mmoja akajishika nguzo. Nikaona nimeshinda.

"Sasa Karani," mbebaji akasema, akijifuta machozi, "hicho kiungulia, kimetokana na nini?"

"Mafuta," nikasema. "Vya kukaanga."

"Vya wapi?"

Kicheko kikaisha. Wote wakalitazama karai. Mimi pia nikalitazama, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Nilitaka kusema kwamba ni msuli wangu, si mafuta yake. Kwamba mafuta yale yale kwa mtu mwenye msuli mzima hayana neno. Mdomo ulifunguka, likatoka neno "yaani," na nyuma yake hakikutoka kitu.

Mke wangu alizima moto. Akajifuta mikono kwenye khanga. Niseme hapa kwamba yeye ni wa watu wa pwani ya Mara, amelelewa kwenye nyumba ambayo wanawake wanakula jikoni na wanaume uani, na kwa miaka yote ya ile meza hakuwahi kutia kitu mdomoni mbele ya wateja, hata maji. Chakula chake alikula nyumbani, mgongo kwa mlango. Hata mimi nilikuwa nimemwona akila mara chache kuliko unavyodhani.

Alizunguka meza akaja upande wetu. "Nipisheni," akaliambia benchi, wanaume wawili wakasimama. Akakaa pale ninapokaa mimi. Akachukua sahani, akachagua panki kubwa kuliko yote, lenye kichwa, akaanza kula.

Hakula kwa kuonja. Alikula kama mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri. Alianza mkiani, akauvunja mgongo pingili kwa pingili, akafyonza kila moja na kuipanga kwenye ukingo wa sahani. Mmoja wa wanaume akageuza uso, nadhani kwa heshima, halafu akaurudisha. Alipofika kichwani akapumzika, akabeua kidogo kwa adabu, akaendelea na shavu.

"Na jicho?" mbebaji akauliza. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo.

"Jicho namalizia, shemeji. Una haraka?"

Akalila. Akalamba vidole, akaiweka sahani mezani, mifupa yote imepangwa juu yake, akarudi upande wake wa meza.

"Huyu," akasema, akininyooshea mimi mwiko, "tumbo lake bovu tangu tumeoana. Mimi nimekula. Anayengoja nife akae kwenye benchi, anunue na chai."

Mbebaji aliitazama mifupa, akamtazama mke wangu, akatia mkono mfukoni.

"Nifungie mawili," akasema. "Yenye vichwa vikubwa."

Jioni tulipanda pamoja, na njiani akaniambia, bila ukali wowote, "Kesho usishuke." Nikasema sawa. Nilikuwa natamani aseme kingine baada ya hapo, na ngazi zilikuwa zimebaki nyingi, lakini alizipanda kimya.

Kesho yake alasiri ilipofika miguu ilijua saa kuliko mimi. Nilisimama nikakaa, nikafungua redio nikaifunga, nikaenda mlangoni. Kutoka mlangoni kwetu unaona mabati ya viwanda na ziwa nyuma yake, lakini meza huioni, inafichwa na jabali. Nilisikia watu wakicheka huko chini na sikujua wanacheka nini, na hilo liliniuma kuliko kiungulia, ambacho siku hiyo, kwa haki kabisa, hakikuwapo.

Mbebaji akapanda, anahema, na redio kwapani. Nikaipokea, nikaiwasha, ikaimba vizuri tu.

"Haina kitu hii."

"Najua haina." Akatazama nyuma kuhakikisha. "Karani, yale magadi, ulikuwa unakunywa mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu."

"Mimi tano," akasema.

Nikamkalisha. Nikamuuliza kuhusu damu na choo cheusi na chakula kukwama, akasema hapana, hapana, na nikafurahi, nikamwambia hata hivyo aende kwa tabibu, asije akanisikiliza mimi niliyekula udongo. Aliponiuliza kuhusu matofali nikamwambia kwanza aweke betri sakafuni aone inabingirikia wapi. Akalisema neno hilo mara mbili mdomoni ili asilisahau, akaondoka bila redio yake.

Mke wangu alipanda kukiwa bado kweupe. Nilimsikia kwenye ngazi za mwisho, nikatoka kumpokea beseni. Nilikuwa nimejikaza mikono na kiuno kwa ule uzito wa siku zile mbili, likanijia jepesi hata nikayumba hatua moja nyuma, kwenye mlango.

"Vipi?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado, nilikuwa namngoja. Akanitazama kwa ule uchovu wake, akaingia ndani, na nikasikia akifunua chungu cha samaki wa kuchemsha na kupakua sahani mbili. Moja akaniwekea mezani. Na ya pili hakwenda nayo jikoni. Aliiweka mbele ya yangu, akavuta kigoda, akaanza kula.